Bakisha Tope Kidogo

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Macalder tu wazima, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa. Umeuliza kwa nini nilimwomba daktari anipunguzie dawa ya mishipa ya fahamu, na miguu bado inawaka moto.

Nikiwa msichana, tulikuwa tunaosha dhahabu mtoni na mama. Siku moja nilizungusha karai kwa nguvu mpaka tope lote likaisha. Mama akachungulia, akasema, "Umeosha hadi dhahabu imeenda nalo. Siku nyingine bakisha tope kidogo."

Ile dawa iliniondolea maumivu yote. Lakini Sabato moja, nikiwaombea wajukuu, jina lako likanipotea.

Leo miguu inaniuma, sikudanganyi. Lakini jina lako hapo juu nimeliandika bila kuuliza mtu.

Dani, bibi yako