Damu Nane na Nusu

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na mitatu. Ile chati iliyobandikwa ukutani pale kliniki, inayoonyesha mtu wa Isiolo mwenye afya ana damu kiasi gani — vipimo vyake ni vya mkono wangu. Na si vya kweli. Mke wangu alikufa bila kujua. Mchungaji hajui. Kifua changu kinaniambia sitaiona Krismasi. Basi naandika.

Ningeandika tu nikanyamaza. Lakini kuna Everline, mke wa mwanangu Nanok. Mimba ya miezi saba. Leo ametoka bombani na debe nusu, akaketi njiani kupumua. Bomba liko hapo tu! Viganja vimepauka. Anakwangua udongo wa ukuta na kuula, akidhani sioni.

Jumanne, 4 Septemba

Nilitaka kuona ndani ya kope zake. Lakini baba mkwe hamshiki mke wa mwanawe usoni. Kwetu Waturkana hilo halifanyiki. Kazi ya kupima damu niliyoifanya maisha yangu yote, na siwezi kuifanya nyumbani mwangu!

Nikamwita jirani yetu Sadia, anayetuletea maziwa ya ngamia. Akaivuta kope.

"Wallahi, hapa hakuna damu, Baba Nanok. Mbuzi aliyechinjwa jana ana rangi kumshinda huyu."

Everline akacheka. Kisha akaushika ukuta.

Wakaenda kliniki, wakarudi. Damu nane na nusu. Daktari Kahin amesema si mbaya kwa watu wa huku, chati inaanzia nane. Amempa vidonge, ale na mboga za majani. Mboga! Na ukame huu! Gari la kupeleka wagonjwa Meru ni la walio chini ya ule mstari wa nane tu. Petroli ni shida.

Vitabu nilivyosomea vilisema mwanamke awe na kumi na mbili. Ningekuwa na miguu ya kutembea, ningekwenda kuing'oa ile chati.

Alhamisi, 6 Septemba

Nanok bado yuko safarini Merti. Lori limevunjika ekseli.

Sadia ameuliza kwa nini sili. Nikamweleza. Kwamba mwaka wa 1971 alikuja daktari wa utafiti, mgeni, akitaka damu ya watu wasio na ugonjwa, ijulikane ya hapa ikoje. Nikawa fundi wake wa maabara. Nikamwambia Sadia kwamba nilimwuliza kila mtu kama ana afya, na kila mtu akajibu "fayaa", yaani mzima. Nani hapa hujibu vingine? Mborana husema kwanza kwamba kuna amani, watu ni wazima, mifugo ni mizima — ndipo akuambie mtoto amefariki. Mimi desturi naijua. Yule mgeni hakuijua, nami nikanyamaza.

Sadia alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. "Wewe hata tukikufukia utajibu salama tu!" Halafu cheko likaisha. Akasema nimwambie daktari. Nikasema miguu. Akasema mkokoteni wa maji upo, na mimi si mzito kama mapipa.

Ijumaa, 7 Septemba

Mkokoteni! Nusu ya mtaa wetu wa Wabera wamenisalimu nimelala kama gunia.

Daktari Kahin ni kijana mpole. Akauliza habari yangu. Nikajibu salama. Sadia akanifinya.

Nikamweleza yote niliyomwambia Sadia. Akatabasamu. Akasema katika kila utafiti wagonjwa wachache hujipenyeza, hesabu huwameza. Na chati imetoka kwa wataalamu. Nikasema mtaalamu ni mimi. Akanitazama vile wazee hutazamwa. Akamwambia Sadia anirudishe nyumbani kabla jua halijawa kali.

Hakuna la kufanya. Sauti yangu haimfikii mtu.

Jumapili, 9 Septemba

Everline ameanguka jikoni. Mishipa ya shingo inaruka, unaiona ukiwa mlangoni. Sadia akasimamisha pikapu ya miraa, akagombana na dereva, tukapakiwa.

Naandika hapa kwenye benchi la kliniki. Wamepima tena. Nane na nukta mbili. Juu ya mstari! Nje, dereva wa gari la wagonjwa anafuta kioo.

Sadia amemfokea daktari: "Wewe unatibu ukuta ama unatibu mtu?" Daktari ameuendea ukuta. Ameweka kidole kwenye chati. Kisha akanigeukia — safari hii hakutabasamu.

"Mzee, hao unaosema uliwauliza. Walikuwa watu gani?"

Ningesema wafugaji. Ndivyo nilivyomwambia yule mgeni.

Everline alikuwa akinitazama kutoka kitandani. "Baba," akasema, pumzi ikimkatika, "Nanok ameambiwa?"

Nikayaondoa macho kwake. Nikamjibu daktari. Nimemwambia kile ambacho hata humu Jumatatu sikukiandika. Na Sadia nilimdanganya. Kidole cha daktari bado kiko kwenye mstari, na dereva amemaliza kioo.

Sikumwuliza mtu yeyote kama ana afya. Wenye afya walikuwa mbali na mifugo yao, huko Biliqo, nami niliiogopa barabara ya kwenda huko. Ile damu yote niliitoa hapa mjini, kwenye foleni ya unga wa msaada, kwa watu waliokuwa na njaa ya miezi.