Amepoa

Kizingitini,
18 Agosti 2024

Dada Zamzam,

Assalaam alaykum. Naamini goti lako limepunguza maumivu, na nyumba yako hapo Wiyoni imepata nafasi ya kupumua baada ya sisi kuondoka. Sisi hatujambo. Boti ya Ubaid ilitufikisha salama. Salha alilala njia nzima, kichwa mapajani mwangu kama alipokuwa mdogo, ila sasa ana miaka kumi na saba na miguu yangu ilikufa ganzi hadi nikashushwa kwa kushikwa mkono.

Nakuandikia kwa kalamu, usinicheke. Simu nimeizima na kuiweka juu ya kabati. Salha ugonjwa ulipompanda aliwapigia watu wote waliomo akawaalika harusini kwake, hata mwalimu mkuu, na mpaka leo wapo wanaouliza bwana harusi ni nani. Kila ikilia nashtuka. Na shemeji yako Famau unamjua, akienda baharini simu yake hukaa kwenye mfuko wa nailoni, haisikii wala haisikiki.

Aliyotueleza daktari pale hospitalini nimeyashika. Ni ugonjwa wa akili, wanauita baipola. Humpandisha mtu akawa halali, hanyamazi, dunia yote yake, kisha humshusha akawa hataki hata kuoga. Si jini na si malezi. Famau nimemwambia hivyo. Majirani nimewaambia malaria.

Dawa ni kila siku, zisikatike mpaka daktari mwenyewe aseme, na huku kwetu hazipatikani. Kwa hiyo, dada, nakutegemea. Kila mwezi mwombe yule mpangaji wako, nesi Nerea, akuchukulie, kisha umkabidhi Ubaid.

Mdogo wako,
Hadia


Wiyoni,
2 Septemba 2024

Hadia mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Goti halijambo, mwenye goti ndiye mbovu. Nyumba imekuwa kimya tangu mwondoke, nami kimya sikipendi, hadi namwita Nerea aje anywe chai hata akiwa ametoka zamu ya usiku macho yanamfumba. Maskini hukubali. Watu wa bara wana adabu zao.

Dawa ni hizi. Nerea amezichukua kwa mkono wake na kuzifunga kwenye karatasi, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Nimemwomba Ubaid aziweke kifuani, si kwenye tenga la samaki.

Na majirani, mdogo wangu, malaria ya mwezi mzima nani ataiamini? Ukichoka kudanganya, waambie waniulize mimi.

Sasa niambie anaendeleaje. Tangu utotoni wewe huandika barua kama mtu aliyeuziwa maneno ghali. Nataka kujua anakula nini, anasema nini, analala vipi.

Dada yako,
Zamzam


Kizingitini,
6 Oktoba 2024

Dada,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo. Sisi hatujambo. Dawa zilifika.

Umeniuliza juu ya Salha. Salha amepoa. Amepoa kabisa. Hasemi na ukuta, hatoki nje usiku, halii. Nikimwambia kaa, anakaa. Waliokuja kumtazama wamesema alhamdulillahi. Hata Famau ametulia, amekwenda dago na wenzake, watapiga kambi huko visiwa vya juu wavue mpaka bahari iwakatae.

Mimi nimechoka kidogo. Sina jingine.

Mdogo wako,
Hadia


Wiyoni,
14 Oktoba 2024

Hadia wangu,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, nikalia mpaka ushungi ukalowa. Amepoa. Miezi yote hii nilikuwa nalingoja neno hilo moja.

Siku ya pili yake nimesomesha maulidi hapa nyumbani. Nimepika halwa kwa mikono yangu, goti likilalamika, na nikaigawa mtaa mzima, hata kwa wale nisiosemeshana nao. Wameuliza halwa ya nini, nikawaambia mtoto wa ndugu yangu amepoa.

Mwezi huu dawa hakuna, kwani mtu aliyepoa hali dawa. Nerea yuko likizoni kwao bara. Nilipompigia simu kumpa habari amefurahi sana, anawasalimu. Badala ya dawa nampelekea Salha kitambaa cha buluu, ashone nguo ya kurudia shule.

Nawe upumzike sasa. Umebeba mzigo mzito, na Mungu amekutua.

Dada yako mwenye furaha,
Zamzam


Kizingitini,
8 Desemba 2024

Dada Zamzam,

Assalaam alaykum. Nyote wazima? Sisi wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyekufa.

Niseme taratibu. Kitambaa kilipofika bila dawa, niliisoma barua yako, nikaliona jina la Nerea, nikajiambia basi hospitali ndiyo iliyosema. Sikuuliza. Na ukweli, dada, ni kwamba sikutaka kuuliza, kwa sababu Salha aliamka. Alisuka nywele. Alikishona kile kitambaa. Alipika mkate wa sinia akaupeleka kwa majirani. Asubuhi moja aliniigiza ninavyotembea nikibeba ndoo, nikacheka hadi nikakaa chini. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka huu, na niliona nikiziandika zitaondoka.

Kisha akaacha kulala. Nililiona hilo nikajifanya sikuliona.

Hapa Kizingitini yuko Bwana Ndirangu, mnunuzi wa kamba mawe. Huwaweka hai kwenye vizimba majini wakingoja boti ya barafu. Jumanne iliyopita, jua halijapanda, Salha alishuka pwani akafungua vizimba vyote. Aliwaambia watu kwamba kamba wana kwao na wana watu wanaowangoja. Kisha akaingia majini kuwasindikiza. Watu walicheka, mpaka walipoona kichwa chake kinazidi kwenda mbali na ile nguo ya buluu inavimba nyuma yake.

Famau alikuwa amerudi kutoka dago jana yake tu. Alimfuata kwa kuogelea. Kila akimkaribia, mtoto alizidi kwenda. Basi akasimama pale pale majini akawa anamwita aje, kwa sauti ya chini na kwa lahaja yetu ya nyumbani, kama anamwita chakulani. "Ndoo, mwanangu. Ndoo." Salha akageuka, akaja. Alikuwa amekunywa maji mengi.

Baadaye Ndirangu alifika nyumbani kwa habari ya kamba wake, na vijana wa mtaa nao wakafika na kamba ya kumfungia Salha. Nikasimama mlangoni, kamba hao upande mmoja na kamba hiyo upande wa pili, na sikucheka wala sikulia. Ndirangu alichungulia, akamwona amelala na nywele zimejaa mchanga. Akasema, "Mama, mimi sitaki kitu. Nyinyi vijana, hiyo kamba pelekeni mbali." Akaenda zake.

Kwenye zahanati ya huku walimdunga sindano. Sasa ameshuka. Anatazama ukuta.

Dada, niliposema amepoa, nilisema kama unavyosema chai imepoa. Yupo, anakaa, anakula, lakini ule moto wake haumo. Nilikuwa naomba msaada kwa neno lile. Wewe ulisikia amepona. Sikulaumu, sote wawili tumelelewa na neno hilo hilo kwa maana zote mbili. Tuma dawa.

Hadia


Wiyoni,
11 Desemba 2024

Hadia, mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Sikuulizi hali, najua. Ubaid anasubiri gatini nami naandika huku nimevaa viatu. Dawa ni hizi.

Nerea amerudi. Hakujua kwamba nilizikata. Nilimwambia mtoto amepoa, hilo tu. Nilipomweleza yote aliweka kikombe chini, nami nilitamani anigombeze. Kisha akasema, "Mama, hiyo dawa ndiyo imemshikilia. Kama imemlaza sana, daktari anaweza kuipunguza, ama abadilishe. Si kuikata. Mleteni aonekane."

Mleteni. Njooni wote watatu, vitanda vipo.

Neno nisilolielewa nililipikia halwa. Nikipita mtaani watu bado wananiuliza, mtoto wetu hajambo? Naona haya ambayo sijui niipeleke wapi. Tulipokuwa wadogo ulikuwa ukiumwa mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa niaba yako, na nadhani nimezoea kusema kabla sijakusikia. Nisamehe, lakini si leo. Leo mpe dawa.

Na wewe je, Hadia? Barua yako yote ni ya Salha. Wewe uko vipi?

Dada yako,
Zamzam


Kizingitini,
12 Januari 2025

Dada,

Salamu. Ahsante kwa kumpokea Salha na baba yake. Daktari amebadilisha dawa. Anakula. Jana ameosha vyombo bila kuambiwa.

Uliwauliza kwa nini sikuja nao. Sababu sina. Nilifunga nguo, boti ikafika, nikabaki nimekaa.

Famau amekwenda tena dago. Umeuliza mimi niko vipi. Nimejaribu kuangalia, sioni kitu. Ni kama ile miguu iliyokufa ganzi siku tuliyotoka kwako, ila haijashuka boti.

Hadia


Wiyoni,
19 Januari 2025

Hadia,

Assalaam alaykum. Barua yako imenitia wasiwasi. Niandikie, hata kama ni kunitukana. Tangu lile neno "amepoa" naogopa barua zako fupi. Nasoma kila neno mara mbili nikitafuta lililojificha nyuma yake. Kama bado una hasira nami kwa sababu ya zile dawa nilizozikata, sema.

Dada yako,
Zamzam


Wiyoni,
3 Februari 2025

Hadia,

Dawa za mwezi huu ni hizi. Ubaid ananiapia kwamba barua zangu anakupa mkononi. Basi naandika tena. Goti halijambo. Nerea anawasalimu. Leo sina maneno ya kukutania.

Nijibu, mdogo wangu.

Zamzam


Kizingitini,
9 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Ni mimi, Salha. Samahani kwa mwandiko, dawa mpya inanitetemesha vidole, lakini kichwa kimetulia na usiku nalala. Siku nyingine naamka vibaya, siku nyingine naamka tu. Kwa sasa hiyo inanitosha. Nesi Nerea mwambie mdomo umeacha kukauka.

Barua zako mbili za mwisho zilikuwa juu ya kabati pamoja na simu. Mama hakuzifungua. Nimezifungua mimi, nisamehe. Hana hasira nawe. Nilimuuliza. Alifikiri kidogo kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza, akasema hana.

Mama huamka, hufagia, hupika, hunipa vidonge vyangu na kungoja nimeze. Hakosei. Nikicheka hainui uso, nikilia hainui uso. Juzi alishika sufuria ya moto bila kitambaa akabaki ameishika, hadi nikamtoa mkono mimi. Nikampaka asali. Hakusema ah. Jirani aliyekuja akatuona tumetulia, nyumba safi, akasema alhamdulillahi.

Baba yuko dago, simpati. Mimi ninapajua pale alipo Mama, nimekaa huko. Ukiwa huko, mtu akikuuliza uko vipi unamwona anaongea kutoka mbali sana, na kumjibu ni kazi kubwa kuliko kuchota maji. Kwa hiyo usimwandikie tena. Hawezi kuja kwa kuandikiwa.

Nimeona uliyoandika kuhusu lile neno, kwamba unaliogopa. Mimi pia, maana nusura nizame kwa ajili yake. Nimekaa asubuhi nzima nikitafuta lingine na sikupata, basi nalitumia hilo hilo, na safari hii ulisome vizuri.

Mama amepoa. Usipike halwa, Mama Mkubwa. Ndoo.

Mwanao,
Salha