Fatiha Imeshasomwa

Jumapili, Jadida. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Niseme ukweli wangu: naogopa.

Leo chama chetu cha wataalamu wa historia na lugha ya Pemba kilikutana kupanga mustakabali wake. Wataalamu ni jina kubwa. Wengi wetu ni walimu tu, na viti vingi vilikuwa vitupu. Mzee Hamad, mwenyekiti wetu tangu mie mwanafunzi, alisema kachoka. Akatupa hoja: tujiunge na wenzetu wa Unguja, wenye ofisi na watu, au tubaki wenyewe apatikane wa kuongoza.

Kila mtu akainamia simu yake.

Mdomo wangu huu! Nikasema, "Tukienda kwao tutakuwa ukurasa wa mwisho. Maneno ya wazee wa kijijini Msuka nani atayafuata ayaandike? Tubaki wenyewe."

"Alhamdulillahi, keshapatikana," akasema Mzee Hamad. "Al-Fatiha."

Mikono yote ikanyanyuka. Na yangu pia, kwa mazoea, maana nani atasikia Fatiha akakaa na mikono mapajani? Nilipofika Amin ndipo nikaona wote wananitazama mimi. Nimeshakuwa mwenyekiti.

Wewe unayesoma ukiwa mbali utasema, si ukatae tu! Huku kwetu jambo likishasomewa Fatiha halifukuliwi. Anayelifukua huonekana kaichezea dua.

Naogopa nini? Kwamba chama kitanifia mikononi. Vijana hawaji. Jarida letu lina muda halijatoka. Wanaojua majina ya zamani ya mashamba ya Pujini wanazikwa mmoja mmoja, na sisi kila mwaka tunapanga safari ya kwenda kuwasikiliza. Kingekufa kwa Mzee Hamad, watu wangesema uzee. Kikifa kwangu watasema alipewa mwanamke, kikamshinda.

Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Mume wangu kaniambia, "Kamwambie Mzee Hamad mwenyewe, faraghani. Yule ni kama baba'ko, hatakasirika." Baada ya Alasiri nikachukua mwavuli nikaenda kwake, njia nzima nayapanga maneno ya kukataa bila kumvunjia heshima.

Binti yake, Asha, alinipokea mlangoni kwa sauti ya chini. "Kalala, dada. Siku zote hizi mchana halali, anazunguka ukumbini akisema chama kitazikwa pamoja naye. Leo karudi kutoka mkutanoni, kala, kalala fofofo. Nimwamshe?"

Nilisimama barazani, mwavuli unachuruzika miguuni. Ilikuwa niseme ndiyo tu, na mzigo huu ungerudi kwa mwenyewe.

"Mwache alale," nikasema.

Nimerudi nyumbani. Kule mkutanoni naweza kusema nilitegwa. Pale mlangoni nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Ya Rabbi, naanzia wapi?