Kitanda Alichokiranda Mume Wangu

Shosti, nimetoka kliniki.

Daktari kanipima, kasema uke walionitengenezea kwa upasuaji umepona vizuri, tendo la ndoa ruksa, maumivu yatapungua. Mume wangu akachekelea, akauliza, "Na mtoto tumtegemee lini?"

LINI! Kumbe hakujua! Shangazi si aliniapia kabla ya harusi kwamba amemwambia yote? Alimwambia nitapasuliwa nitapona, basi!

Daktari akanigeukia mimi. Ikabidi niseme mwenyewe: "Mfuko wa uzazi sikuzaliwa nao."

Tumerudi nyumbani. Na kile kitanda cha mtoto, si unamjua mume wangu na useremala wake, alishakipiga msasa.

Sasa hivi anaking'oa misumari mmoja mmoja. Ameniuliza kwa upole kama nataka rafu ya viatu au ya vyombo.