Tiketi Mliyoifanyia Dua Ni Yangu

Maskati, Omani
Alhamisi, baada ya Alasiri

Mama yangu mpenzi, Bi Mwanakombo,

Shikamoo sana mama. Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kukuuliza hali. Miguu inaendeleaje? Na ile presha, bado unakwenda Msambweni kupimwa kila mwezi, au umeanza tena kusema kwamba foleni ya hospitali ndiyo inayokupandisha presha? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto linalolalamikia ngazi za nyumba hii, na hasira kidogo ambayo nitakueleza sababu yake.

Kwanza nimsalimie anayekusomea. Mwalimu Saumu, shikamoo. Nakuomba, kwa haki ya chaki uliyonishikisha darasa la pili, usiruke mstari wala usilainishe neno. Barua hii nimempa mkononi Bi Zuhura wa Funzi, ambaye anarudi likizo, na nimemuapisha aifikishe kwako wewe, si kwa ndugu yangu Rashidi. Mama, usiudhike. Miaka yote hii Rashidi ndiye aliyekuwa mwandishi wako na msomaji wako, na ninamshukuru. Lakini barua hii inamhusu yeye, na mshitakiwa hawi kadhi.

Barua yako ya mwisho ilinifika. Iliandikwa kwa mkono wa Rashidi, ikisema: "Mimi mamako nimeamua kuwa ile tiketi ya bure apewe nduguyo, aje huko kutafuta maisha." Chini yake nikaelezwa kwamba dua ya kumuaga imeshasomwa, mbuzi ameshachinjwa, na majirani wameshamuagiza vitu. Huyu anataka udi, yule anataka kanzu, na mke wa Bakari muuza samaki anataka birika la shaba. Nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Watu wa Mwabungo wamekula pilau ya safari ya mtu asiyekuwa na tiketi!

Kesho yake nikapiga simu kule Ukunda, pale dukani kwa rafiki yake, anaposhinda. Akaitwa, akaja anahema.

"Dada, mambo yameshakwisha," akaniambia. "Watu wameshakula."

"Waliokula ni wageni wako. Tiketi ni ya nani?"

"Si ya bure?"

"Nani kakwambia? Nimeifanyia kazi miaka sita, na nitakwenda nayo Ulaya mimi mwenyewe, peke yangu."

"Lakini dada, wewe Ulaya ushafika mara sita. Hutosheki? Na mwanamke kwenda peke yake hivi hivi si vizuri. Watu watasema nini?"

"Watasema Mejumaa amekwenda."

Hapo simu ikakatwa, au ilikatika yenyewe. Kwa heshima yako nitasema ilikatika.

Nakubali kwamba kosa la kwanza ni langu. Niliandika kwa furaha kuwa nimepata safari ya bure, nisieleze ya wapi wala imepatikanaje. Sasa nieleze, ili usidhani kuna mtu amenipa kitu cha kugawa. Shirika la ndege huwaandikia abiria wake umbali waliosafiri. Kila ukipanda ndege yao, maili zako zinaongezwa katika jina lako, na zikishakuwa nyingi wanakupa safari moja bila kukutoza nauli. Ni nyongeza, mama, kama Bi Chizi wa sokoni anavyokutilia fungu la mchicha kwa sababu hujawahi kununua kwa mwingine.

Mara ya kwanza tulipokwenda Jeneva na tajiri wangu Bi Thuraya, yule bibi wa pale wanapopokea mizigo aliwapa watu wote fomu za kadi, akaniruka mimi niliyembeba mtoto. Bi Thuraya, ambaye kama ujuavyo amezaliwa Unguja na hana subira, akamwambia, "Na huyu je? Kwani yeye amekaa juu ya mapaja yangu?" Nikapewa. Nilijaza fomu ile mtoto analia begani. Baada ya miezi miwili kadi ikaja kwa posta, imeandikwa jina langu zima, na la baba, na la babu. Katika nyumba hii hakuna kitu kingine chenye jina langu, hata kikombe.

Tangu hapo tumekwenda kila msimu wa joto, mpaka mwaka jana. Na sikudanganyi, kanuni inaniruhusu kumpa ndugu yangu safari hii. Ningeweza kusema haiwezekani, jambo likaisha, wala nisingelaumiwa. Lakini sitaki kujificha nyuma ya uongo. Inawezekana, na mimi sitaki. Tena maili hizi hufa kama hazikutumiwa, na zangu za mwanzo zinakufa mwisho wa mwaka huu wa tisini na tisa.

Rashidi anasema Ulaya nimefika mara sita. Nimefika, ndiyo. Naijua njia ya kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini. Nalijua bafu la watoto, na bembea zilizo nyuma ya hoteli, na duka linalouza maziwa asiyotapika yule mdogo. Mbele ya hoteli kuna ziwa kubwa ajabu, na upande wa pili wake kuna milima yenye theluji, na asubuhi hupita meli nyeupe zenye viti juu. Watu hukaa tu mle, wanatazama. Mwaka jana Bi Thuraya aliniahidi kwamba sote tutapanda. Nilishona mtandio mpya kwa ajili ya siku ile. Asubuhi mtoto mdogo akaamka na homa, ikabidi mtu abaki naye, na huhitaji kuniuliza ni nani aliyebaki. Niliwaona kutoka dirishani wakipanda, watoto wananipungia mikono. Nikawapungia nami. Halafu nikalia, mama, nikalia kama nimefiwa, na si kwa ajili ya mtoto, maana mtoto alikuwa amelala na homa imeshuka. Nililia kwa sababu nina miaka arobaini na moja na nilikuwa nimeitamani meli.

Siku ile ndiyo nilipoamua. Nikaenda kwa Maria, Mreno anayesafisha vyumba pale hotelini, ambaye mimi naye tunazungumza kwa mikono na maneno ishirini ya Kiingereza. Nikamuuliza mtu kama mimi hulala wapi mji ule. Akacheka, akanipeleka mtaa wa nyuma, tuna nusu saa tu. Kuna nyumba ya wageni ya wanawake pekee, inayosimamiwa na masista wa Kikatoliki. Usishtuke, hawatanibatiza. Sista mkubwa alinionyesha chumba chenye kitanda kimoja na dirisha, na nilipomuuliza kibla alitoa dira kwenye mtoto wa meza. Wameniandikia barua ya kunipokea, Bi Thuraya ameandika ya kuniruhusu, na viza imeshapigwa muhuri katika pasipoti yangu.

Kupata ridhaa ya Bi Thuraya hakukuwa rahisi. Nilimngoja amalize kahawa.

"Peke yako?" akaniuliza. "Utafanya nini huko peke yako, Mejumaa?"

"Nitakaa, Bibi."

"Basi twende wote Julai kama kawaida, nikupe siku moja ya mapumziko."

"Siku hiyo itakuwa yako umenipa. Mtoto akipiga chafya utaitaka."

Akaweka kikombe chini, nikadhani nimefukuzwa. Kisha akasema, "Kweli nitaitaka," akaniita tuandike barua.

Nitakwenda mwezi wa Juni, kabla yao. Nimepanga siku nane, na usiku hapa huziangalia katika ramani niliyopewa na Maria mpaka imeanza kuchanika mikunjo. Siku ya kwanza nitaswali alfajiri nirudi kulala. Siku ya pili ni ya meli, kutoka mwanzo wa ziwa mpaka mwisho wake na kurudi, na nitakaa juu, mbele. Siku nyingine nitapanda treni ya mlimani niishike theluji nijue kama ni kweli inaunguza. Nitakula samaki wa ziwa lile angali moto, na miiba nitakayotoa ni yangu peke yangu. Siku tatu sikuzipangia kitu. Nimeziacha wazi kwa makusudi, kwa sababu sijawahi kuwa na siku ambayo mtu mwingine hajaipangia kitu.

Nikirudi nitabaki na siku ishirini za likizo, na hizo zote ni zako. Nitakuja Mwabungo kwa tiketi ya mwajiri kama siku zote, insha'Allah. Hakuna nilichokunyima.

Najua utauliza habari ya maharimu, ndugu wa kiume wa kufuatana nami safarini. Nimelifikiria hilo, na nimemuuliza hata shekhe wa msikiti wa hapa karibu, akasema wanazuoni wamehitilafiana. Lakini mama, nilipokuja huku mara ya kwanza kufanya kazi, nilipanda ndege Mombasa peke yangu, sijui hata mkanda wa kiti unavyofungwa. Mlinisindikiza wote mpaka uwanjani, Rashidi akiwa amenibebea sanduku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maharimu wangu ni nani. Naona mwanamke huulizwa swali hilo siku anapokwenda kustarehe. Kama nimekosa adabu kwa kuandika hivyo, nisamehe, lakini sitafuta.

Na Rashidi? Ni ndugu yangu wa tumbo moja na ninampenda. Lakini nilimtafutia kazi hoteli moja ya Diani, akaacha kwa sababu aliambiwa abebe taulo za wageni. Mimi nimebeba taulo hapa miaka tisa. Akija huku atakayebeba zake atakuwa nani? Aende akawaambie majirani ukweli, kwa kinywa chake. Aibu haiui. Akishafanya hivyo na akapata kazi akakaa nayo mwaka mzima, nitasema naye habari za kuja huku.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote, na ndilo lililonifanya nimkimbie mwandishi wako. Sijui kama yale maneno, "mimi mamako nimeamua," yalitoka kwako au yalitoka kwenye kalamu yake. Nakuomba Jumamosi ya kwanza baada ya kusomewa barua hii, baada ya swala ya Alasiri, Mwalimu Saumu akufikishe posta ya Ukunda, si dukani kwa yule rafiki wa Rashidi. Bi Zuhura atanijulisha ni Jumamosi ipi. Nitapiga mimi. Nataka kukusikia mwenyewe.

Nisalimie shangazi Mwanaidi, mama yangu wa pili, umwambie mafuta ya goti aliyoniletea yamekwisha. Nisalimie mjomba Salimu na mihogo yake. Mke wa Bakari mpe salamu zangu nyingi, na umwambie birika lile nitamletea mimi, yeye hana kosa. Rashidi naye msalimie. Mwalimu, Mungu akulipe kwa macho yako.

Mama, sijawahi kusafiri bila radhi yako na ninaitaka hii kuliko zote. Siku hiyo kwenye simu usiseme mengi, dakika zinakimbia. Ukiniambia nenda, nitakwenda nikicheka. Ukiniambia usiende, nitakwenda nikilia. Lakini nitakwenda, mama.

Mwanao akupendaye,
Mejumaa