Kitaa cha Kamera

Shoga, uko wapi? Nisikilize mwenzio.

Zile laptop za bei poa za shule, ambazo watoto huenda nazo nyumbani, si nilijisifu kwako? Niliweka kwenye moja programu huria ya bure, ya kuiendesha laptop ukiwa mbali, nikainakili kwenye zote arobaini. Nenosiri moja! Nikalibandika mlangoni mwa maabara, watoto wasisahau.

Leo binti mmoja kaniuliza, "Mwalimu, mbona nikiwa nyumbani kitaa cha kamera kinawaka chenyewe?"

Nikacheka. Yaani nilicheka, shoga! Nikamwambia, "Umegusa kitu wewe."

Mara mikono ikaanza kunyanyuka.

"Hata yangu."

"Na yangu, Mwalimu."

Thelathini na saba. Nimeihesabu mara mbili.

Nikakimbilia mlangoni nikabandue kile kikaratasi cha nenosiri.

Hakipo. Imebaki gundi tu, imeshakauka na kushika vumbi.