Gurudumu Bila Mkanda

Mwenzangu, acha unachofanya unisome. Yule Bi Mtaalamu aliyempokonya shangazi kazi ya kufundisha kusokota uzi, leo kaumbuka!

Wageni wamejaa karakana. Yeye kajikalisha mbele ya gurudumu, analizungusha huku kafumba macho, eti "pamba husikilizwa kwa vidole." Kwa vidole!! Na uzi unatoka kwenye bonge la pamba, laini kama nini. Wageni wanarekodi. Na mjinga wa kwanza kupiga makofi ni mimi.

Mara shangazi akaingia, mkanda wa gurudumu mkononi. Unaujua ule upole wake.

"Samahani jamani, mkanda ulikatika asubuhi, nilikuwa naushona. Bila huu, kijiti cha kusokotea hakizunguki."

Sote tukakitazama kijiti. Kimetulia tuli!

Na yule, macho makavu: "Mimi nasokota kisasa."

KISASA!!

Shangazi akalichukua lile bonge, akalipasua taratibu. Ndani, donge la uzi wa dukani.

Akaligeuzageuza, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hongera, mwanangu. Umesokota mpaka lebo."